Chongo wa simtanki: shajara ya mradi

Jumamosi, 1 Machi

Saa nne na nusu za kazi, na matokeo yake ni taa moja ya buluu, ndogo kama punje ya mtama, inayowaka na kuzimika. Nimeipiga picha kama mzazi aliyeona jino la kwanza.

Mradi wenyewe ni huu. Simtanki letu la lita 2,000 limekaa juu ya jukwaa la matofali nyuma ya nyumba, hapa Mbezi. Maji ya bomba huja mara mbili au tatu kwa wiki, karibu kila mara usiku, na hayapigi hodi. Yakija tumelala, tanki linajaa, linafurika, uwanja unakuwa tope na mita inaendelea kuzunguka. Yasipokuja, tunagundua asubuhi mtoto akiwa na povu la sabuni kichwani. Swali la kwanza ndani ya nyumba hii kila alfajiri ni "maji yametoka?", salamu zinafuata baadaye. Nimeamua swali hilo lijibiwe na mashine.

Vifaa: kibao cha NodeMCU chenye chipu ya ESP8266, yaani kikompyuta kidogo chenye waifai, shilingi 20,000 Kariakoo. Sensa ya sauti, HC-SR04, shilingi 6,000. Nyaya za rangi rangi, bredibodi (ubao wa kuchomekea nyaya bila kuchomelea), na kopo la siagi la kuvihifadhi vyote. Sensa inatoa mlio wa kilohezi 40, sikio la mtu haliusikii, mlio unagonga uso wa maji na kurudi. Unahesabu maikrosekunde za kwenda na kurudi, unagawa kwa 58, unapata sentimita. Nilipokipima kipenyo cha tanki nilipata sentimita 126, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 12 na nusu hivi. Ndoo ya lita 20 ni sentimita moja na nukta sita. Hesabu tamu kabisa.

Sasa hizo saa nne na nusu. Nne zilikwenda kwenye kebo. Kompyuta haikioni kibao. Nikaweka upya kiendeshi cha CH340, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kibao, nikabadili tundu, nikazima na kuwasha kompyuta mara tatu, nikakitazama kibao kwa jicho baya. Mwishowe mmoja wa mapacha akaja kuchaji tableti, akachukua kebo yangu, akaniachia yake. Kibao kikaonekana palepale. Kebo yangu ilikuwa ya kuchajia tu, ndani haina nyaya za data. Nimeipiga fundo ili nisiirudie tena. Nilipoitupa kwenye droo nikakuta humo nyingine yenye fundo.

Jumapili, 2 Machi

HC-SR04 ina vitundu viwili vya duara mbele, kimoja kinapiga mlio, kingine kinasikiliza. Mapacha wameiangalia mara moja tu wakaipa jina: Bundi. Sikuona tatizo. Mke wangu aliliona mara moja. "Mama anakuja tarehe 12," alisema. "Unamwambia nini kwamba umeweka bundi juu ya maji ya kunywa?"

Kazi ya leo: Bundi anakula volti 5 na anajibu kwa volti 5, ila kibao kinataka 3.3. Rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zinagawana hiyo tofauti. Wapo wanaounganisha moja kwa moja na kibao hakifi. Mimi nina kibao kimoja.

Jumatano, 5 Machi

Usingizi. Ili betri idumu, kibao kinapaswa kuamka kila baada ya dakika 10, kipime, kitume namba kwenye waifai, kilale tena. Nikakiandikia amri ya kulala. Kikalala. Hakikuamka. Nikasubiri dakika 10, 20, nikala futari, nikarudi, kimelala usingizi wa pono.

Kumbe kwenye ESP8266 anayekiamsha kibao ni mguu ulioandikwa D0, na lazima uuunganishe mwenyewe kwa waya na mguu wa RST, ule wa kukiwasha upya. Bila waya huo kengele inalia, lakini hakuna anayeisikia. Nimeweka waya, kikaamka. Nikataka kupakia programu mpya, ikagoma, kwa sababu ya waya uleule. Kwa hiyo sasa kila nikitaka kurekebisha mstari mmoja wa programu nachomoa waya, napakia, narudisha waya. Nikisahau kuurudisha, pono.

Jumamosi, 8 Machi

Bundi yuko juu ya tanki. Nimetoboa mfuniko, nimemtazamisha chini, nimeziba pembeni kwa silikoni. Saa tano asubuhi simu yangu ilionyesha: lita 1,310. Nikashuka ngazi nikaenda kumwonyesha kila mtu, pamoja na fundi bomba aliyekuwa kwa jirani akibadili koki.

Fundi aliisoma simu, akaangalia tanki, akaangalia waya.

"Sasa kaka, hii ikijaa inafunga maji?"

"Hapana. Inanitumia taarifa kwamba limejaa."

"Halafu?"

"Halafu naamka naenda kufunga."

Akanyamaza kidogo kwa heshima. "Ungeweka boya," alisema. "Elfu kumi na mbili. Maji yakipanda linapanda nalo, linafunga lenyewe."

Boya limewekwa leo jioni. Lilichukua dakika 25, na tope la uwanjani limekwisha. Katika madaftari ya mradi huu, nusu ya tatizo ilitatuliwa na puto la plastiki lisilo na hata mstari mmoja wa programu. Namshukuru fundi, ila angeweza kuja wiki moja baadaye.

Imebaki nusu ya pili, yaani kujua. Boya halimwambii mtu kitu.

Jumatano, 12 Machi

Bundi amekufa. Tangu juzi alikuwa anatoa sifuri, mara lita 4,000, mara sifuri tena. Nilipomfungua, vitundu vyote viwili vilikuwa na matone ya maji kwa ndani na miguu imeota kutu ya kijani. Nilijua tangu mwanzo kwamba HC-SR04 haikutengenezwa kukaa juu ya mvuke. Nilijua, nikasema "tujaribu tu". Siku nne.

Nimenunua JSN-SR04T, shilingi 22,000. Hii ina jicho moja tu, limefungwa lisiingize maji, na waya mrefu unaoliunganisha na kibao chake. Ni sawa na zile zinazowekwa kwenye bampa la nyuma la gari. Mapacha wamembatiza upya: Chongo. Wahenga walishasema ukipenda, chongo utaita kengeza, na mimi nimeshapenda.

Mama mkwe amefika jioni kutoka Pangani, atakaa nasi mpaka Idi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Nasikia una bundi."

"Ameshakufa, mama."

"Alhamdulillah."

Baada ya futari aliuliza kile kidude cha juu ya tanki ni nini basi. Nikasema ni sensa. "Sensa?" alisema. "Si walishatuhesabu 2022?"

Jumamosi, 15 Machi

Chongo haoni karibu. Kitu kikiwa ndani ya sentimita 25 hivi kutoka kwenye jicho lake anachanganyikiwa, anatoa namba yoyote inayomjia. Sababu ni kwamba jicho lilelile ndilo linalopiga mlio na ndilo linalosikiliza, na baada ya kupiga linaendelea kutetemeka kidogo. Mwangwi ukirudi mapema mno unakuta bado linatetemeka. Kwenye tanki langu, maji yaliyojaa yanafika sentimita 10 chini ya mfuniko. Maana yake sentimita 15 za mwisho, lita 187, ni giza.

Wazo la kwanza: mnyanyue. Nikakata kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, nikalisimamisha juu ya mfuniko, Chongo kileleni. Kuanzia hapo tanki lilikuwa na lita zilezile asubuhi, mchana na jioni. Tulifua, tukaoga, tukamwagilia mchicha, lita hazisogei. Alikuwa anapima ukingo wa chini wa bomba. Mlio wake unatanuka kama mwanga wa tochi mbovu na hautoshi ndani ya bomba jembamba.

Wazo la pili: ndoo. Ndoo ya lita 20, imegeuzwa kichwa chini juu ya tundu la mfuniko, Chongo kwenye kitako cha ndoo ambacho sasa ndiyo paa. Pana ya kutosha, ndefu ya kutosha. Imefanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo hunitia wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa halali: ile ilikuwa ndoo ya kufulia. Nimenunua nyingine mbili, moja kama fidia.

Jumanne, 18 Machi

Muujiza. Saa tatu asubuhi: lita 760. Wote tumetoka, nyumbani kabaki mama mkwe peke yake, amefunga, amelala. Bomba halina hata tone. Saa saba mchana: lita 804. Saa moja usiku: 760 tena, kasoro ndoo mbili za kuoga.

Mama mkwe hakushangaa. "Mwezi mtukufu huu. Baraka."

Nilikaa na karatasi mpaka saa nne usiku. Kugawa kwa 58 kunachukulia kwamba sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, ambayo ni kasi yake kwenye hewa ya nyuzi 20. Nani ana nyuzi 20 Dar? Kasi inapanda kwa mita 0.6 hivi kila nyuzi moja. Alfajiri ndani ya tanki pana nyuzi 26, mchana tanki jeusi na ndoo yake juani nimepima 42. Mlio unarudi mapema, programu inadhani maji yamesogea karibu, sentimita tatu na nusu zinazaliwa kutoka hewani. Mara 12 na nusu: lita 44.

Nimeagiza kipimajoto cha DS18B20, kile cha kwenye kifuko cha chuma. Fomula mpya: 331.3 jumlisha 0.606 mara joto. Nilimweleza mke wangu kwamba baraka zimepata maelezo. Akasema zile lita 44 alikuwa ameshazipangia kazi.

Ijumaa, 21 Machi

Kioo cha jikoni. Simu inanifaa mimi, lakini mwenye kuhitaji namba ni aliye jikoni. Kwa hiyo kibao cha pili, kioo cha 1602, safu mbili za herufi 16, kinapewa umeme na chaja ya zamani ya simu. Nusu saa ya kwanza kilionyesha miraba mitupu. Kama una kioo hiki na kinaonyesha miraba, acha programu: nyuma kuna kiskrubu cha buluu, kigeuze taratibu kwa bisibisi ndogo. Herufi zilikuwepo muda wote.

Safu ya kwanza lita, safu ya pili saa ambayo maji yaliingia mara ya mwisho. Kibao hakina saa yake, kinaiuliza intaneti, kinaletewa saa ya dunia, UTC, nawe unaongeza 3 kupata ya Afrika Mashariki. Rahisi. Saa kumi alfajiri, wakati wa daku, mama mkwe amesimama mbele ya kioo kilichoandika 02:10.

"Hapa pameandikwa maji yameingia saa mbili na dakika kumi."

"Ndiyo mama."

"Saa mbili nyumba hii haikuwa na mtu. Tulikuwa tarawehe."

Nikaanza kueleza kwamba hiyo ni saa nane usiku, ya Kizungu. Nikajisikia mwenyewe ninavyoeleza. Sisi wenye simu tunatoa sita bila kujua kwamba tunatoa. Simu inaandika 14:10, mdomo unasema saa nane na dakika kumi, na katikati hakuna hesabu yoyote unayoisikia. Mama mkwe naye ana saa ya ukutani ya mishale, na anaisoma bila shida, kwa sababu jicho linakwenda upande wa pili wa mshale. Tarakimu hazina upande wa pili.

Nikamwahidi nitarekebisha.

Jumamosi, 22 Machi

Hii ya leo naiandika kwa urefu maana sitaiamini baadaye.

Kabla ya kushughulikia ile sita, niliamua kwanza kusafisha. Badala ya kuongeza 3 kwa mkono, nikatumia njia rasmi ambapo unaandika jina la ukanda wa saa na tofauti yake, maktaba ya programu inafanya mengine. Nikaandika EAT+3. Nikakiwekea kioo mtindo wa saa 12. Nikapakia. Simu yangu: 14:10. Kioo: 8:10.

Kosa. Saa sita nyuma. Nikapitia mistari yote. Nikabadili seva ya saa. Nikachomoa, nikachomeka. Kimegoma, saa sita kamili nyuma, dakika zimelingana. Nilikuwa nimeshika kichwa pale mezani mama mkwe alipopita kuelekea jikoni, akasimama, akasoma kwa sauti:

"Saa nane na dakika arobaini. Eeh, sasa saa yako imetulia."

Akaendelea na viazi vyake.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Katika utaratibu huo wa kuandika kanda za saa, alama ziko kinyume: walio mashariki mwa Greenwich wanaandikwa kwa kutoa. Afrika Mashariki ni EAT-3. Mimi kwa kuweka kujumlisha nilikuwa nimeipa jiko langu saa ya Buenos Aires, ambayo iko saa sita nyuma yetu. Na saa sita nyuma ya saa ya simu ndiyo saa ya Kiswahili. Kosa langu lilikuwa limeandika jibu la swali ambalo bado sikuwa nimeanza kulishughulikia.

Nilikuwa tayari kuliacha kama lilivyo na kuliita ubunifu. Lakini kuna tarehe. Buenos Aires inabadili siku usiku wake wa manane, ambao kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo maji yakiingia saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, kioo kinaandika Jumamosi. Mama mkwe hilo hakulipenda.

Nikageuza dunia kidogo. Kama kutoa sita kunafaa kwenye saa ya namba 12, kuongeza sita kunafaa vilevile. UTC na 9. Nani ana UTC na 9? Tokyo. Nikaandika JST-9, safari hii alama ikiwa sahihi. Saa: tisa na robo. Na ndipo nikaona uzuri wake. Tokyo kukiwa usiku wa manane, sifuri kamili, Dar ni saa kumi na mbili jioni. Siku inageuka magharibi. Kwenye saa ya 24 ya Tokyo, saa yoyote iliyo chini ya 12 ni usiku wetu, 12 na kuendelea ni mchana wetu. Mstari mmoja wa programu.

Nilimwita mama mkwe saa kumi na mbili kasoro dakika moja, tukasimama wote mbele ya kioo. Ikafika. JUMAMOSI ikawa JUMAPILI. Kwa mbali adhana bado haijaanza, ilikuwa imebaki nusu saa na ushei.

"Sasa imewahi kidogo," alisema, "lakini ndivyo. Jua likizama siku ni nyingine. Nani kakufundisha?"

Nikasema Wajapani.

Jumanne, 25 Machi

Betri, kwa kifupi, kwa sababu hasira haijaisha. Nilinunua kwenye duka moja betri mbili za 18650, zile za umbo la silinda, zilizoandikwa mAh 9,900 (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Najua, najua. Hata zile bora za umbo hilo hazifiki nusu ya hapo. Lakini zilikuwa bei rahisi na muuzaji aliniita bosi. Nikaenda kuzipima kwa muuza viungo mtaani kwetu, kwenye mizani ya iliki: gramu 29. Betri halisi ya aina hiyo ni kama gramu 45. Nilipoipima uwezo ikatoa mAh 1,080. Sasa natumia zilizotoka kwenye betri ya laptopu iliyokufa, nzee lakini zinatoa mAh 2,000.

Jambo jingine, nalo hakunilazimisha mtu. Chipu yenyewe ikilala inakula maikroampea 20 hivi, ila kibao kizima nimekipima kinakula miliampea 8, kwa sababu msimamizi wa volti na chipu ya USB havilali. Siku 10, betri kwisha. Kuna siku nitahamia kwenye chipu tupu. Siku hiyo si leo.

Alhamisi, 27 Machi

Ugomvi wa kwanza uliosababishwa na Tokyo. Mpaka Ijumaa iliyopita kioo kilikuwa bado kinatumia namba tupu. Sasa kinaandika siku. Leo asubuhi mke wangu alisoma 8:20 safu ya juu na ALHAMISI USIKU safu ya chini, akafikiri programu imeharibika, maana Alhamisi usiku bado haijafika. Mama yake akamwambia usiku wa Alhamisi ndio uliopita, ule uliokuja baada ya magharibi ya jana. Mke wangu, aliyekulia Dar, akasema huo ni Jumatano usiku. Wakaulizana swali ambalo nadhani limeulizwa pwani nzima: kwani usiku ni wa siku iliyopita au wa siku inayokuja?

Wakanigeukia mimi. Mkwe mwenye akili hajibu swali kama hilo. Nikasema nitalitatua kwenye programu.

USIKU WA KUAMKIA ALHAMISI kungewaridhisha wote wawili, lakini ni herufi nyingi mno kwa safu moja. Nikaondoa maneno mawili ya mwanzo: KUAMKIA ALHAMISI. Nikahesabu. Kumi na sita. KUAMKIA JUMATATU, kumi na sita. JUMATANO, JUMAMOSI, JUMAPILI, zote kumi na sita barabara. Jumanne na Ijumaa zinabakiza nafasi. Aliyetengeneza kioo hiki hakuwa na habari na juma letu, lakini limeingia kama mguu kwenye kiatu.

Jumapili, 6 Aprili

Masika imeanza kwa kishindo. Mama mkwe ameondoka jana. Kabla ya kuondoka alitaka kuona tanki kwa macho, nikampeleka nyuma ya nyumba. Hakuangalia ndoo wala waya. Aligonga ubavu wa tanki kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu akishuka: ngo, ngo, ngo, ngo, ndu. Akasimama, akachora mstari kwa kipande cha mkaa.

"Hapa."

Nikapima kwa tepu: sentimita 71. Nikafungua simu: Chongo anasema 72. Nilipanda kuchungulia na fito. Sabini na moja na nusu.

Jumla ya matumizi ya mradi mpaka leo, ukiacha boya na ndoo ya fidia, ni shilingi 138,000.

Jumamosi, 12 Aprili

Umeme ulikatika tangu saa moja usiku jana mpaka leo saa tatu. Umeme ukienda, rauta inaenda, kioo kinaenda, na Chongo anapima na kumpigia kelele mtu asiyekuwepo. Kesho yake huwezi kujua kama maji yaliingia. Kibao kikilala kinasahau kila kitu isipokuwa baiti 512 kwenye kona moja ya kumbukumbu ambayo haifutiki. Kila kipimo kinakula baiti 2, kwa siku ni vipimo 144. Baiti 288. Inatosha siku nzima na zaidi. Nimeiandika, nimezima rauta makusudi kwa saa moja, nimeiwasha: vipimo sita vimemwagika vyote kwa mpigo, kwa mpangilio. Mke wangu aliuliza kwa nini nacheka peke yangu. Na kwa nini intaneti haipo.

Pia: sisimizi. Wamehamia ndani ya kopo la siagi, juu ya kijibao cha kupandisha volti, pana joto. Nimewatoa, nimeziba, nimepaka mafuta kuzunguka mlango wa waya.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama mkwe kapiga simu. Baada ya salamu za nyumba nzima, mmoja mmoja, akasema majirani zake Pangani hawaamini kwamba kuna saa jikoni Dar inayogeuza siku magharibi. Anataka na yeye. Si lazima ndoo, alisema, na jina la mnyama nisiweke. Ana pipa la lita 200 barazani.

Nikamwambia nitafanya hesabu. Pipa lina kipenyo cha sentimita 57, kila sentimita moja ni lita mbili na nusu. Sehemu ambayo Chongo haoni, sentimita 25, ni lita 64: karibu theluthi ya pipa. Kumwinua haiwezekani, pipa linachotwa kwa kata kila saa, halina mfuniko wa kukaa juu yake kitu. Nikampigia nikamweleza haya yote, pamoja na kutetemeka kwa jicho.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hafai."

"Kwa pipa hafai, mama."

"Basi pipa nitaligonga. Nitumie ile saa tu."

Kibao kimoja, kioo kimoja, JST-9. Nimeshaviweka kwenye kopo. Kebo nimeijaribu mara mbili kabla ya kuifunga.